Picha Mbili Mlangoni

Zuura alikuwa keshia katika duka la Ermek, mjini Naryn, tangu mume wake alipokwenda Urusi akasahau njia ya kurudi. Wezi wengi aliwaona wakikamatwa, lakini hakuna aliyemkasirisha kama Ermek alivyomkasirisha Jumamosi ile.

Mlinzi alikuwa amewakamata wasichana wawili wa darasa moja, kila mmoja kaficha rangi ya midomo ndani ya soksi. Meerim alikuwa binti wa mwenye jengo la duka. Kanyshai alilelewa na bibi yake, kwani mama yake alikuwa akifagia barabara za Moscow.

Ermek alimpigia simu mwenye jengo huku akicheka. "Utoto tu, mzee! Balehe hiyo, nani hakuipitia?" Meerim akaenda zake. Kisha Ermek akamkabidhi Zuura picha ya Kanyshai, chini yake imeandikwa MWIZI.

"Dada, bandika mlangoni."

"Na ya mwenzake?"

"Yule mtoto wa watu."

"Na huyu kaokotwa mtoni?"

"Zuura, usinianze!"

Kanyshai alikuwa ameinamia magoti yake, analia.

"Kwa nini, mwanangu?" Zuura akamwuliza.

"Darasani wote wanayo, shangazi. Meerim alisema tukiiba pamoja, nitakaa nao." Akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Bibi atakuja kununua mkate. Ataiona."

Zuura aliitazama picha mkononi mwake. Karatasi ile ingechanika, lakini jina lisingesafishika. Miaka ikipita, wanawake wakiwatafutia wana wao msichana wa kumvisha hereni za uchumba, wangeulizana kwanza: si yule wa mlangoni? Waposaji wa Meerim wangekuja hata kwa magoti.

Aliingia ofisini, akaitoa picha ya Meerim kwenye kompyuta ya kamera, akaandika MWIZI kwa herufi zile zile. Akazibandika zote mbili, bega kwa bega.

Haikupita saa moja, mke wa mwenye jengo akaingia kwa kishindo.

"Aibu gani hii! Mtoto wangu bado mdogo, hajui jema wala baya!"

"Wanasoma darasa moja, mama," Zuura akajibu.

"Wewe nyamaza! Ermek, unazijua kuta hizi ni za nani?"

Ermek alizibandua picha zote mbili kwa kucha zake mwenyewe. Bibi yake Kanyshai alipofika kununua mkate, mlango ulikuwa mweupe. Alipoondoka, Ermek akanyoosha mkono.

"Vua aproni. Usirudi."

Mtaani walimsifu Ermek: ana moyo wa huruma, kawasamehe watoto wa watu. Kuhusu Zuura walisema lazima alikuwa akiiba, la sivyo angefukuzwa kwa nini?

Siku chache baadaye, sokoni, jirani yake wa ukuta mmoja alimwona akija. Akatabasamu, akamjulia hali, huku akiusogeza mkoba wake upande wa pili.