Kijiji Kisichohitaji Mbolea

Juzi nilikuwa Itumba, ofisi ya kilimo ya wilaya, kwenye foleni ya dirishani nyuma ya mwenyekiti wa kijiji kimoja cha milimani. Alikuja kuwaombea watu wake mbolea ya ruzuku, maana mahindi yao yamegeuka njano yakiwa bado magotini.

Afisa kilimo, binti mpole, akafungua faili akasoma wasifu wa kijiji: "Udongo wetu ni wa volkano. Ukichomeka mwiko leo, kesho unakuta majani. Mbolea tunaisikia redioni." Akainua macho. "Nani alisema haya, baba?"

Mwenyekiti akakuna kisogo. "Mimi. Lakini wale waliokuja kuandika walikuwa wageni, mwanangu! Mgeni haambiwi shida."

"Sasa niandikeje?"

Mwenyekiti akainama dirishani, akanong'ona: "Andika udongo umechoka. Ila tumia penseli, kijiji jirani wasijue."

Mimi kwa kujisifu sina mpinzani wilaya nzima, lakini hapo nilivua kofia. Watu wa milimani tuko radhi kulala njaa, mradi jirani aamini tumeshiba.

Alipogeuka akanikuta, uso ukamshuka. Mimi ndiye kijiji jirani. Nilikuwa nimefuata mbolea hiyohiyo, lakini nilimwambia nimepita kusalimia tu.