Shahidi wa Mama Luciana

Wakili Avelina hajui kutulia. Asubuhi yuko mahakamani, mchana baraza la ardhi, jioni utamkuta ofisini amevaa kandambili, viatu vya mahakamani viko chini ya meza, anasikiliza watu waliotoka Msanzi au Ilemba na vumbi lao. Tunashiriki chumba kimoja hapa Sumbawanga: meza yake iko dirishani, yangu mlangoni, ambako upepo wa mji huu huingia bila kubisha hodi. Sheria anaijua kuliko mimi. Anachokosa ni muda.

Ndiyo maana Gift, fundi wa programu kutoka Mbeya, alipokuja kutuuliza mawakili tunasumbuliwa na nini, Avelina hakusita.

"Tarehe," alisema. "Na mashahidi. Shahidi mmoja asipotokea, mtu anapoteza shamba."

Gift akarudi na programu ya simu. Unaingiza shauri, tarehe na namba ya shahidi. Siku ikikaribia, yenyewe inamtumia ujumbe, kisha inakuwekea alama ya kijani kwamba ujumbe umefika. Mimi nilibeza. Nimeona mengi yanayokuja na semina na chai ya bure, yakaishia kabatini. Lakini haki ya mtu mpe: kwa mara ya kwanza nilimwona Avelina anakula chakula cha mchana ameketi.

Shauri la Mama Luciana wa Mwazye lilikuwa humo. Mama huyu ni mjane. Shemeji yake alidai kwamba shamba analolima mahindi na ulezi tangu aolewe ni mali yake, marehemu mumewe aliazimwa tu. Aliyeshuhudia baba mkwe akimgawia mume huyo shamba lile alikuwa amebaki mmoja, Mzee Baltazari. Wengine wote walishazikwa.

Zamani Avelina alikuwa na njia yake ya kuwaita mashahidi wa vijijini. Alimpigia katekista, na Jumapili baada ya misa, katikati ya matangazo ya ndoa na zamu za kufagia kanisa, katekista alisoma kwamba mzee fulani anahitajika Sumbawanga siku fulani. Basi, kijiji kizima kimesikia. Mwenye pikipiki atamchukua, jirani atamgongea alfajiri, na mke wake hatampa raha mpaka koti lipigwe pasi. Safari hii Avelina hakumpigia katekista. Alama ilikuwa ya kijani.

Siku ya shauri Mzee Baltazari hakuonekana. Mwenyekiti wa baraza la ardhi akaahirisha, akasema hilo ni ahirisho la mwisho. Avelina akaingiza tarehe mpya, na jioni ile ile akampigia Fransisko, katekista wa Mwazye. Fransisko akamwambia mzee ameanguka ghafla, hawezi kunyanyuka. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amefariki.

Tulikwenda kuzika. Siku ya tarehe mpya ilikuwa imekaribia, na tulipokuwa tumeketi matangani simu ya marehemu ikalia mapajani mwa binti yake, Coleta. Akaisoma kwa sauti, hajui imetoka wapi.

"Ndugu Baltazari, unakumbushwa kufika barazani kutoa ushahidi. Tafadhali usikose."

Mama Luciana alijifunika uso kwa kanga. Mimi niliona aibu hadi nikatazama chini, na wala haikuwa programu yangu.

Fransisko akamsogelea Avelina, akaongea bila ukali. "Wakili, Jumapili ile kabla ya tarehe ya kwanza ya shauri mzee alikuwa kanisani, benchi la mbele. Simu yake hushinda kwa mwenye mashine ya kusaga, ndiko anakochajia. Mbona hukutupa tangazo? Tungemleta hata kwa machela."

"Nimekosa, katekista," alisema Avelina.

Barazani shemeji alileta mashahidi wake. Sisi hatukuwa na mtu. Mama Luciana alisikiliza hukumu akiwa amesimama, kisha akauliza jambo moja tu, kama anaruhusiwa kuvuna mahindi aliyokwisha kupanda. Akaruhusiwa. Nje, Avelina alishindwa kujizuia.

"Mwanangu, usilie," Mama Luciana alimwambia. "Wewe ukilia, mimi nifanyeje?"

Gift alipokuja tena, nilitegemea afukuzwe. Badala yake Avelina alimvutia kiti mezani pake. Akampeleka mahakamani, akampeleka vijijini, akamketisha kanisani Mwazye mpaka matangazo yakaisha. Huko kote Gift aliandika kidogo na kuuliza sana. Hilo ndilo alilopaswa kuanza nalo, na nilimwambia hivyo. Alikubali.

Programu sasa ni nyingine. Ujumbe ukifika kwenye simu ya shahidi, alama inabaki nyekundu. Inamgeukia wakili mwenyewe na kumuuliza: Nani amemwambia kwa mdomo, naye amejibu nini? Usipojaza inakusumbua kutwa nzima, na mimi mwenyewe siku hizi inanisumbua.

Siku ya kuijaribu, Gift alifungua mashauri ya zamani moja baada ya jingine. Likaja la Mwazye. Kwenye jina la Mzee Baltazari swali likatokea, jekundu.

"Hilo tuliruke, dada," alisema Gift.

Avelina akavuta simu upande wake. Nani amemwambia kwa mdomo? Akaandika: Hakuna.