Butoni Ambayo Haikurudi

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya mvua hapa Nkungu ambayo sitaisahau, na nimeamua kukuandikia habari yake ungali hujazaliwa. Nina miaka kumi na saba. Mtoto sina, mchumba sina, kwa hiyo usianze kunihesabia siku. Lakini Mzee Paskali aliniambia, "Hii utakuja kuambia mutoto wako," na mimi najijua: watu wakizidi watatu, maneno yananikauka mdomoni. Afadhali nikuwekee kwenye kaye hii, daftari langu.

Babu yako, yaani Papa wangu, ana kamiyo, lori dogo la mazutu, yaani dizeli, alilovuka nalo kutoka Bukavu familia iliporudi upande huu wa mpaka. Kamiyo hiyo imenizidi umri. Asubuhi huku juu kuna baridi, na moteri ya zamani ya mazutu haipendi baridi. Ndani yake kuna buji nne, vijiti vya chuma ambavyo lazima vipate moto kidogo kabla ya kuwasha, ndipo mazutu ikubali. Kulikuwa na kiboksi cha kuzipa buji umeme na kuukata chenyewe, lakini kilikuwa kimekufa zamani. Basi kila jioni Papa aliegesha kwenye mtelemko, kamiyo ikitazama chini, na kila asubuhi majirani walikuja kusukuma.

Walisukuma wakicheka. Maman Zawadi, jirani yetu anayepakia kabichi zake humo kwenda soko la Kamembe, alikuwa anapigapiga bodi na kusema, "Bibi-arusi ameamuka vibaya tena. Mumubembeleze." Papa naye anacheka. Mimi sikucheka. Darasani waliniita Sukuma, na kuna mvulana kila nilipopita alijifanya anasukuma ukuta. Nilitamani asubuhi moja tu tutoke nyumbani kwa heshima, bila mtu kutushika nyuma.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari na tulikuwa tumesoma umeme. Nikachora jinsi ya kuzipa buji moto kwa butoni ya mkono. Kumwambia Papa uso kwa uso niliona haya, nikaacha mchoro chini ya sahani yake. Alipomaliza kula akauona, akautazama muda mrefu.

"Nani amechora hii?"

Wote walinitazama mimi.

"Basi utaifanya weye mwenyewe," akasema. "Lakini pitia kwanza kwa Mzee Paskali."

Mzee Paskali alitengeneza umeme wa magari Bukavu tangu ujana wake. Siku hizi macho yake yana ukungu, anamtambua mtu kwa sauti. Akanieleza polepole, kidole chake kikichora hewani.

"Buji inakula umeme mingi. Ukiupitisha kwa butoni, butoni itaungua pamoja na kidole yako. Butoni inatoa amri tu. Kazi inafanya rele." Kwa hiyo waya mnene utoke kwenye batri, upite kwenye fizibu, yaani fyuzi, uingie kwenye rele, ile swichi inayobeba umeme mwingi, halafu kwenye buji. Ule mwembamba ndio uende kwenye butoni, karibu na usukani. "Na butoni ikuwe ile inarudi yenyewe. Ukitoa kidole, moto inakatika. Unafinya, unasoma Salamu Maria moja, pole pole, si kama muntu anakimbia mvua. Unaachilia, unawasha."

Nilielewa yote, mwanangu. Usije ukafikiri nilikosea kwa kutoelewa.

Dukani Kamembe kulikuwa na watu wengi nyuma yangu. Muuzaji akaweka butoni mbili mbele yangu na kuniuliza, "Ya kufinya ao ya kuwasha na kuzima?" Nilihisi macho yote mgongoni. Moja ilikuwa na taa ndogo nyekundu, nzuri. Nikainyooshea kidole hiyo, nikaondoka haraka. Nilipoijaribu nyumbani, ikabaki chini. Ilikuwa ya kuwasha na kuzima, kama ya taa ya sebuleni. Kurudi kwa yule muuzaji niliona ni afadhali nife. Nikajiambia: nitakuwa nakumbuka kuizima, basi.

Jumamosi nikaifunga. Mzee Paskali alikaa kwenye kigoda kando ya kamiyo, akagusa kila kiungo na kukivuta kwa nguvu, vyote vikashika. Mwisho akauliza, "Butoni iko inarudi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ndiyo ya kweli ao ndiyo ya haraka?"

"Ya kweli."

Siku tatu nzima nilikuwa nakaa mwenyewe kwenye kiti cha dereva, nabonyeza, nahesabu, nazima kwa siri, na kamiyo inawaka bila kusukumwa. Papa alianza kuniita makanisiye, fundi wake. Akaacha kuegesha kwenye mtelemko. Akawa analaza kamiyo uani, chini, karibu na mlango. Nilijivuna sana.

Ikafika asubuhi ya mtihani wa taifa. Kituo chetu kilikuwa mbali, na Papa alikuwa ameahidi kutupeleka watahiniwa kumi wa kilima chetu. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Wenzangu walisimama uani na kalamu zao ndani ya mifuko ya plastiki. Yule mvulana wa ukuta alikuwepo. Ni mtoto wa Maman Zawadi. Siku hiyo Papa akapanda mwenyewe, akabonyeza butoni, akahesabu, akatoa kidole akidhani umeme umekatika. Hapo hapo Maman Zawadi akasema, "Papa, tusitoke bila kuomba." Papa akashuka, akavua kofia, tukashikana mikono.

Unajua watu wa kwetu wakiombea safari. Maman Zawadi alianza na barabara, akaja kwenye matairi, akaja kwenye kalamu zetu moja moja, akaombea hata mwalimu atakayesahihisha. Mimi nilifumbua macho. Kupitia kioo cha mbele niliiona taa nyekundu inawaka. Nilianza kusoma Salamu Maria moyoni, kwa kuhesabu. Ya tatu. Ya sita. Ningeweza kuachia mkono wa jirani yangu na kupiga hatua nne. Au kusema tu, "Samahani." Sikusema. Kwenye ya kumi harufu ya kitu kinachoungua ikafika mpaka kwetu.

Amina ilipotoka, Papa akazungusha ufunguo. Moteri ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Akajaribu tena, ikatoa sauti ndogo ya batri iliyochoka. Akaigusa butoni, akaipandisha kwa kidole, akaishusha. Kisha akanitazama dirishani.

"Hii hairudi," alisema.

"Nilijua, Papa. Tangu dukani." "Na nimeona taa wakati wa maombi."

Maman Zawadi akanigeukia. "Uliona gari inaungua na miye niko naomba?"

"Niliogopa kukukata maneno, Maman."

"Ungenikata, mutoto wangu. Mungu angengoja dakika moja." Akakaza kitenge kiunoni. "Batoto mupande, musichafue unifomu. Bakubwa, nyuma. Mukuje, banakosa mutihani."

Akaita mpaka mashambani. Watu walitoka kwenye mvua na matope mpaka magotini, wengine na majembe begani. Kutoka uani hadi barabarani ni kupanda, mwanangu, na kamiyo ilikuwa chini kwa sababu ya majivuno yangu. Waliisukuma hatua mbili, ikarudi moja. Mtu mmoja akatandaza matawi ya mkaratusi chini ya matairi. Mwingine akaisukuma kwa mgongo. Hakuna aliyeuliza kosa ni la nani, ingawa wote walikuwa wamelisikia. Mimi nilikuwa juu, nimekaa mkavu chini ya turubai, nazitazama nyuso zao kutoka karibu: zilezile nilizokuwa nazionea aibu kila asubuhi.

Barabarani kamiyo ikashika mtelemko, na mbele ya kanisa moteri ikaitika. Walibaki wamesimama, mikono kiunoni, wanahema. Maman Zawadi peke yake ndiye aliyebaki na nguvu ya kuinua mkono. Tulifika majina yakiwa yanaitwa. Wote kumi tuliandika.

Jioni ile nilikwenda kwa Mzee Paskali kwa miguu yangu, nikamwambia kila kitu. Akasema, "Buji zitanunuliwa zingine. Miye nilikuomba macho yako, kwa sababu yangu imezeeka. Na weye ukanipa ndiyo ya haraka." Hakupandisha sauti. Nililia. Akaningoja nimalize, akasema lile neno la kukuambia wewe. Wiki iliyofuata nilirudi kwa yule muuzaji, nikasema nataka ya kufinya inayorudi yenyewe, na nadhani nilisema kwa sauti kubwa mno, maana duka zima lilinyamaza. Hiyo mpya niliifunga, na bado inafanya kazi.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kuona haya si dhambi. Hata mimi bado ninayo. Lakini mtu akikuuliza kitu ambacho wengine watakiegemea, mpe jibu la kweli, hata likitoka kwa kigugumizi. Ukiona taa nyekundu inawaka wakati watu wamefumba macho, wakate maneno. Na wale wanaokuja kukusukuma wakicheka, usiwaonee aibu. Mimi mtihani wangu niliuandika kwa mikono yao, na kila nikimwona Maman Zawadi na kabichi zake namshukuru moyoni, na siku nyingine, nikijikaza, kwa mdomo.

Mungu akupe sauti mapema kuliko alivyonipa mimi. Akupe mzee wa kukuuliza mara mbili. Akuweke mahali penye majirani. Na asubuhi ukisikia nje kuna gari la mtu limegoma kwenye mvua, usitafute hata viatu. Toka, ukasukume.