Uji Ulioonjwa Mara Mbili

Juzi sokoni, nje ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mwanangu alilia njaa mpaka sauti ikamkauka, na mimi homa ilikuwa imenikausha maziwa, sina hata tone. Mama mmoja Mkongomani, muuza uji, akachota kikombe, akaonja kwanza kama ilivyo desturi yetu sote huku, ili mpokeaji asihofie sumu, kisha akaninyooshea. Nikaona uji ni wa njano. Mahindi ya msaada, yale ya njano wanayogawiwa wakimbizi! Nikakumbuka redioni wasomi wanavyobishana juu ya mbegu za GMO, zile zilizobadilishwa vinasaba, nikarudi nyuma.

"Hapana, mama! Hayo mahindi yanaharibu watoto."

Nilisema kwa sauti. Wateja wakaacha kunywa.

Hakukasirika. Alilegeza kitenge, akamgeuza binti yake wa mgongoni anitazame.

"Huyu anakulaka hii tangu kuzaliwa. Unaona ameharibika wapi, mama?"

Binti akanichekea. Nikakosa pa kuuweka uso. Mama yake akaonja tena, kwa ajili yangu.

Wasomi waendelee kubishana, bado sijui nani mkweli. Mwanangu hakungoja jibu: alikivuta kikombe kwa mikono miwili, nami sikuthubutu kumtazama yule mama.