Nguo za Mtoto Zilizofuliwa

Juzi nilikuwa Ikungi kwenye mashine ya kukamua alizeti, nikisubiri zamu pamoja na akina mama wawili na bibi mmoja. Umeme ulipokatika, mashine ikanyamaza na mazungumzo yakaanza: yule mtoto aliyekutwa amekufa nyuma ya nyumba yao mwezi uliopita. Polisi bado hawajasema lolote.

"Ni watu wa nyumba ile ile," alisema mama mwenye kitenge cha njano, akihesabu kwa vidole. "Moja, mama yake hakulia. Mbili, nguo alizokutwa nazo mtoto zilifuliwa siku ile ile, zikaanikwa uani. Nani anafua haraka hivyo kama hafichi kitu?"

Nakiri, mimi nilishasadiki.

Bibi alikuwa akipepeta mbegu zake. Hakuinua hata macho.

"Nilizifua mimi, mwanangu. Mfiwa hashiki maji, majirani ndio tunafua. Na ndoo ya maji uliileta wewe."

Kidole cha pili kilibaki hewani.

"Kumbe ndizo zile?" aliuliza yule mama, kwa sauti ndogo.

Basi ushahidi wetu dhidi ya familia ile ulikuwa huruma yetu wenyewe, tena huenda tulifua kile ambacho polisi wangekihitaji. Nilidhani tumepata aibu ya kutosha.

Umeme ukarudi, mashine ikanguruma. Mama wa pili akainama: "Sawa. Lakini baba yake alikuwa wapi?"

Nikasogeza gunia langu karibu, nisikie vizuri.