Msichana Wangu Ananiomba Ruhusa ya Kwenda, na Nimekatazwa Kumpa

Admini, ficha jina langu vizuri, kwa sababu wamama wa kanisa letu wanashinda kwa ukurasa huu kuliko kwa Bibilia. Mimi ni nyanya wa miaka sabini na moja, naishi upande wa Mutomo. Nilisoma kidogo tu, lakini watoto watano nimewalea na jembe na hakuna aliyelala njaa. Kwa hivyo mkinijibu, jibuni kwa heshima. Sitaki kutukanwa na watoto wasiojua kufua soksi zao.

Msichana wangu wa mwisho ako na miaka thelathini na nne. Alienda Uarabuni kufanya kazi ya nyumba. Yule mwanamke aliyemwandika kazi akachukua pasipoti, akachukua simu, akawa anamfungia ndani hata akitoka tu kwenda sokoni. Miaka miwili sikusikia sauti ya mtoto wangu. Nilimlilia kama maiti. Alipotoroka akarudishwa Kenya, nikachinja mbuzi, watu wakaimba. Lakini aliyerudi si yule niliyemsindikiza. Akitaka maji ananiuliza, "Mwaitu, naweza kunywa?" Mwaitu ni mama yangu kwa Kikamba. Akitaka kwenda choo ananiuliza. Mtu mzima! Nikamfokea, "Uko kwenu, hii si Uarabuni!" Haikusaidia.

Siku moja tukichambua ndengu alianza kuongea mwenyewe. Akasema yule mwanamke hakuwa mbaya siku zote, kwamba aliposhikwa na homa alimletea uji na kumpaka mafuta miguuni. Nikatupa ungo. "Amekufungia kama kuku wa Krismasi na wewe unamsifu? Na mimi niliyekuzaa nilikuwa hapa nakulilia!" Hiyo habari hakuirudia tena. Na mimi sikusema uongo.

Sasa kuna mjukuu wangu wa kike, mtoto wa kijana wangu wa kwanza; yeye ni mwalimu huko mji wa Wote. Anaandika kitabu cha kuogofya, cha msichana aliyetekwa na kufungiwa. Likizo ikafika, akaja kwangu. Akasema anasoma jinsi akili ya mtu aliyefungiwa inavyokuwa, na anataka kuongea na shangazi yake.

"Kwani hadithi zimeisha?" nikamuuliza. "Andika ya punda."

"Susu, ya punda nani atanunua?" Susu ndiyo nyanya.

"Wenye punda."

Akacheka, lakini hakuacha. "Nitamuuliza shangazi mwenyewe. Akikataa, naacha."

Hakukataa. Wakawa wanakaa nyuma ya jikoni wiki nzima, nikipita na ndoo wananyamaza. Huyo mjukuu ana jina langu, na kwetu mtoto akipewa jina la nyanya, shangazi yake naye humwita mwaitu. Basi nikasikia msichana wangu analia huko nyuma, anasema, "Mwaitu, usiende, wacha nimalize." Anamwambia mtoto wa juzi! Na mimi mwenye jina nimesimama na mzigo wa kuni, sijui niuweke wapi.

Jioni nikamshika mjukuu. "Alikuambia nini?"

"Alinikataza kukuambia, Susu."

"Lakini watu wote watasoma kwa kitabu!"

"Yake siandiki. Nilitaka tu kuelewa." Kisha akaniambia kwamba mtu aliyefungiwa hushika wema mdogo wa yule aliyemfunga, kwa sababu hana kingine cha kushika. "Ule uji ndio ulimweka hai, Susu. Ukiutukana, unamrudisha kule peke yake."

Nikaingia nyumbani nikajifunika leso. Sikula.

Tangu waongee, msichana amepata nguvu kidogo. Mjukuu amemwambia aende wakae Wote, kuna mama huko anayewasaidia waliopitia mambo kama hayo. Anataka kwenda, namuona. Amepanga nguo. Lakini haondoki mpaka niseme. Na mjukuu amenikataza: "Usimpe ruhusa. Ukimpa, ni wewe umeshika ufunguo. Wacha aamue."

Nikamwambia msichana, "Fanya unavyotaka." Akauliza, "Mwaitu, umekasirika?"

Nikisema nenda, mimi ndiye yule mwanamke wa Uarabuni. Nikisema kaa, bado mimi ni yeye. Nikinyamaza, anakaa kwa benchi na mkoba kwa magoti kama mgonjwa ambaye daktari amemsahau. Na nikiwaambia ukweli, mimi sitaki aende. Nilimngoja mpaka macho yakaharibika, na hata sasa bado sijampata.

Ameniuliza tena asubuhi hii. Nimejifanya nalisha kuku, na kuku wameshiba. Nyinyi mliosoma, na zaidi nyinyi mliowahi kufungiwa mkatoka, nijibuni bila matusi: ni neno gani mama anaweza kusema, mtoto wake akatoka mlangoni bila kumuomba mtu?