Taya Alilolizika Bura

Kijijini Hirbadaw wote watakuambia Bura alikuwa mtu mpole. Mimi nilipanga chumba kwake miaka miwili, nikifundisha biolojia, na bado namkasirikia.

Alitoka Tlawi kuja kuendesha trekta kwenye shamba moja la ngano la serikali. Aliamriwa kulima uwanda wenye makaburi ya Wabarbaig, wafugaji wenyeji wa pale, akalima. Mzee Gidahosh, ambaye baba yake alizikwa pale, alisimama mbele ya trekta mpaka mgambo wakamwondoa. Tangu siku hiyo kila mfupa uliofukuliwa na jembe Bura aliuokota na kuuzika kwenye kona ya shamba. Hakubagua, wa mtu au wa fisi. Wenzake walimcheka.

Nami nilikuwa na mfupa wangu. Nilitoka nao kwetu Rukwa, umenasa kwenye jiwe: taya dogo kama punje ya harage, la mamalia wa zama za dinosaria. Niliwapelekea mchoro watu wa chuo kikuu. Wakajibu kwamba mataya ya namna hiyo yameokotwa Madagaska na India. Likithibitika kuwa la ukoo huo, basi wanyama wale walisambaa kwa miguu, nchi hizo zikiwa bado zimeshikana na Afrika. Mchoro hautoshi, waliandika, lete jiwe. Nilicheza kwa furaha chumbani peke yangu.

Kabla sijalipeleka niliitwa Babati wiki nzima kusahihisha mitihani. Niliporudi, dirishani nilipokuwa nimeliweka hapakuwa na kitu.

"Shikamoo, mzee Bura. Jiwe langu liko wapi?"

"Marahaba, mwalimu. Nimelizika. Lilikuwa na meno. Maiti haikai dirishani, nyumba ina watoto."

"Ni mnyama! Alikufa hata watu hawajakuwapo!"

"Basi amekaa muda mrefu mno bila kuzikwa."

Nilimburuta mpaka shambani. Ile kona ilikuwa imelimwa yote.

"Nani kalima hapa?"

"Mimi, juzi. Meneja mpya kaamuru."

Nilimtukana, mtu wa umri wa baba yangu. Kisha nikapiga magoti, nikachimba kwa mikono hadi kucha zikatoka damu. Nikashika taya! Nikalivuta. Lilikuwa la mtu, magego mawili bado yapo.

Bura alivua kofia. "Hilo ni la kina Gidahosh."

"Mpelekee."

"Nikaseme nini, mwalimu?"

Nikalifunga kwenye kanga, nikalipeleka mwenyewe. Gidahosh alilipokea kwa mikono miwili, akaniuliza mifupa mingine iko wapi.